Jinsi ukoo wa marehemu mume wangu ulivyokaa kikao kuhusu slot ya AGP

Wakuu, nawasalimu nyote. Mnaonizidi umri, shikamooni. Wengine, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Wiki nzima nasoma humu vijana wakibishana kama kadi ya picha ya PCI Express 2.0 itafanya kazi kwenye motherboard ya 1.0. Nitawajibu, ila kwanza nisimulie yaliyonikuta. Sitatia chumvi, tarehe zote ninazo kwenye daftari.

Mimi ni mjane. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na cheti cha kompyuta nilikipokea Ijumaa, tarehe 27 Juni 2003. Marehemu mume wangu alininunulia kompyuta, nikaiweka katika chumba cha kupanga pale Majengo, Moshi mjini, nikawa nahariri video za harusi na kipaimara. Alipofariki Agosti 2004, kompyuta hiyo ndiyo iliyobaki kuwa jembe langu.

Jumanne, tarehe 6 Desemba 2005, kadi ya picha iliungua. Feni yake ilikuwa imekwama kwa vumbi. Kosa langu, nakiri.

Mashine inawaka, kioo cheusi. Na Desemba ndipo Wachagga wote hurudi nyumbani kuoa, kuozesha na kubatiza!

Shemeji yangu Aloisi, mdogo wa marehemu, anayeishi Dar es Salaam, akapiga simu siku hiyo hiyo.

"Shemeji, tulia. Nakuja na kadi ya kisasa kabisa. Usiguse kitu."

"Ahsante, shemeji. Yangu ni AGP. Andika: A, G, P."

"Mambo ya herufi niachie mimi."

Nikamwachia.

Jumatatu, tarehe 26 Desemba, ukoo ulikutana kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, Kirua Vunjo. Niliagizwa nipande huko mlimani na kompyuta, ili wote washuhudie ikifufuka. Aloisi akaitoa kadi kwenye kitambaa cheupe, kama mtoto wa ubatizo. Nikaitazama mara moja tu. PCI Express.

Kwa wasiofahamu: slot ni tundu la kuchomekea kadi kwenye motherboard, ule ubao mkuu wa kompyuta. Ya AGP, aina ya zamani, kwenye ubao wangu ilikuwa ya kahawia, imesogea ndani kidogo kutoka ukingo wa nyuma, na zile nyeupe za PCI ya kawaida zinafuata. PCI Express x16 ina meno ya mpangilio mwingine, pengo lake liko kwingine, na umeme na data hupita kwa njia nyingine kabisa. Mpya na ya zamani hapa hazipatanishwi kwa heshima.

Nilieleza hivyo. Aloisi akasimama.

"Kadi ni nzima, imetoka dukani. Ikikataa kuingia, basi mashine ndiyo imekufa. Na mashine ni mali ya kaka yangu, maana yake ni mali ya ukoo. Kesho naondoka nayo, kule ofisini kwangu haitakosa kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kadi ilisafirishwa kwa upendo mwingi namna ile.

Sasa wakuu, kwetu mbuzi akichinjwa, nyama hugawanywa kwa ukubwa. Na maneno vivyo hivyo. Kwa hiyo wataalamu wa slot walisikilizwa kwa kufuata umri.

Mmoja akasema ipakwe mafuta kidogo. Mwingine, aliyewahi kutengeneza mashine za kumenyea kahawa, akaipima kadi kwa kucha na kutoa hukumu: "Pengo limekosewa kiwandani. Lichongwe jingine." Wakaafiki wote. Hakuna aliyeniuliza kitabu nilichopakata, kile kilichokuja na motherboard, kinasema nini.

Zamu yangu ilifika mtori wa ndizi ukiwa umeshapoa.

"Wazee, kadi ni ya shemeji, aichonge apendavyo. Motherboard haiguswi. Ila tukubaliane: kosa likiwa la kadi, kompyuta ni yangu, wala haitajwi tena kwenye kikao."

Mzee Melkiori, mkubwa wa ukoo, alimaliza kwanza kutafuna.

"Ni haki. Aloisi, chonga."

Akachonga, kwa msumeno wa chuma! Meno ya rangi ya dhahabu yakaanguka mezani, katikati ya mifupa. Kisha akaishikilia kadi juu ya slot bila kusukuma. Pengo halikulingana. Hata bati la nyuma halikuelekea tundu lake.

"Mama Neema," akasema Mzee Melkiori, "hicho kitabu kinasemaje?"

Nikasoma Kiingereza chake, nikatafsiri: "Slot hii ni ya kadi za AGP pekee."

"Kwa hiyo kilijua?"

"Tangu kilipochapwa, baba."

"Na huyu ulimwambia?"

"Kwa simu, tarehe sita, herufi moja moja."

Wanawake jikoni wakacheka kabla ya wanaume, jambo ambalo si kawaida.

"Aloisi," akasema mzee, "umetuharibia kitu kizima mbele ya macho yetu. Kompyuta ni ya mama huyu. Tumemaliza."

Asubuhi yake Aloisi alinijia na isale, lile jani tunaloombea msamaha, ambalo halikataliwi. Nililipokea kwa mikono miwili. Ndipo akaniomba nimharirie video ya harusi ya binti yake. Nikamwandika wa nne kwenye foleni.

Alhamisi, tarehe 29, nilipata AGP kwa muuza vipuri vilivyotumika. Nilikwenda na ile iliyoungua mkobani, nikalinganisha mapengo mwenyewe.

Sasa jibu lenu, vijana. Kadi ya PCI Express 2.0 kwa kawaida hufanya kazi kwenye slot ya 1.0, kwa kasi ya ile ndogo; baadhi ya motherboard huhitaji BIOS mpya, ile programu inayoiamsha mashine. Hakikisheni pia power supply ina plagi inayotakiwa, na kasha lina urefu wa kutosha. AGP na PCI Express hazioani kamwe, hata mkichinja ng'ombe.

Nilichojifunza: kitabu cha motherboard kisomwe kabla ya kikao, na kisomwe na mwenye motherboard.

Karibuni mchangie. Ila kila mchangiaji ataje kwanza aina ya slot aliyo nayo. Asiyejua, akafungue kasha atazame. Tutamsubiri.