Bomba Lililokuwa Likihema

Jana Jumamosi, saa tisa alasiri, pale Kilole, nilimwona fundi akilisogeza bomba la hewa la lori mbali na injini, nikaogopa kama zamani.

Nilikuwa mdogo. Lori la kijiji lilitupeleka hospitali Handeni, mama amempakata mdogo wangu Saidi, homa imembana, anahema kwa shida. Mlimani lori likalegea, likanuka raba iliyoungua. Dereva, mzee Mhando, akafunua boneti.

"Linavuta hewa ya moto hili. Tulipatie ya baridi."

Akalichomoa bomba, akalielekeza nje na kulifunga kwa kamba ya mkonge. Tulipoondoka likaanza kuhema, hooo, hooo. Lori likapata nguvu. Saidi akazidi kunyamaza.

Nikajua bomba linamnyonya Saidi pumzi. Nikamziba pua na mdomo kwa kiganja, isimtoke.

"We Mwanaidi, utamuua mwenzio," mama akasema, akiutoa mkono wangu.

Sasa najua hewa baridi ni nzito, ndiyo inayoipa injini nguvu. Wakati ule sikujua. Kesho yake asubuhi, Saidi bado hajafumbua macho, nilitoka wodini peke yangu, nikaliendea lori lililolala uani mwa hospitali, nikaweka mdomo kwenye bomba na kulipulizia pumzi yangu, ili limrudishie yake.