Maombi Yaliyokwama Kituo cha Kwanza

Jumapili iliyopita, katikati ya sala ya toba, simu ya kijana mmoja ililia kanisani. Siku hizi vijana hutia nyimbo za kila aina katika simu zao, lakini huyu alikuwa ameweka mlio wa kengele ya zamani, ile kengele ya chuma inayokwaruza meno. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Zima, we mutoto. Yesu hapigaka ku ile namba." Benchi zima lilicheka. Mimi sikuweza kucheka. Mlio ule ulinirudisha katika ofisi ya baba, penye harufu ya mafuta ya taa na wino, mbele ya simu ya ukutani iliyozungushwa kwa mkono.

Baba alikuwa mtu wa reli hapa Kamina. Kazi yake ilikuwa kupokea na kutuma treni kwa simu. Reli yetu ni ya njia moja, kwa hiyo treni haikuondoka kabla kituo cha mbele hakijasema kwamba kinaipokea. "Kisichopokelewa hakiondoki," baba alikuwa akisema, hata mezani, dada yangu alipokataa mboga ya sombe.

Kituo cha kwanza kuelekea Bukama kilikuwa cha Papa Ilunga. Yeye na baba walionana mara chache, lakini walisemezana kila siku kwa miaka mingi. Simu ile ilikuwa na kipande cha pili cha kusikilizia, kilichoning'inia ubavuni, na baba aliniruhusu kukiweka sikioni nikitoka shule. Nilimsikia Papa Ilunga akichokoza: "Kamina, leo mulikula nini? Minyi nasikia harufu ya samaki ndakala mu fil ya simu." Baba alijibu, "Njo mudomo yako unanuka, Ilunga." Kisha wakapeana treni.

Mke wa Papa Ilunga aliitwa Mama Mbuyi, na wazazi wake walitoka jimbo la Kasai. Alikaa kwetu miezi mitatu alipokuja kujifungua hospitalini. Alinisuka nywele kwa kukaza hata nikalala macho wazi, na mtoto wake wa kiume alijifunza kucheka mikononi mwangu.

Kisha ukaja mwaka ule ambao watu wa Kasai waliambiwa warudi kwa babu zao. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, na babu zao wenyewe ndio walioilaza reli hii. Familia zilijaa stesheni zikingoja mabehewa, na mvua ikiwanyeshea. Vijana wenye fimbo walisimama getini wakitangaza kwamba atakayewapa kitu ataondoka pamoja nao.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kile kipande cha pili. Sauti ya Papa Ilunga haikuwa na mzaha. "Kasongo, bibi yangu na mutoto banapita kwako. Mubaangalie."

"Nimepokea," baba alisema.

Mama Mbuyi alikaa siku nane chini ya ukingo wa bati la stesheni. Siku ya pili nilimpelekea ndoo ya maji. Baba alinikuta karibu na geti, akanishika bega. "Rudisha ile mayi ku nyumba. Unataka batufukuze na siye?" Niligeuka. Mama Mbuyi aliniona nikigeuka. Hakuniita.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Simuni baba na Papa Ilunga sasa walipeana treni tu, bila neno lingine. Shule ilibaki bila walimu, zahanati bila muuguzi. Surua iliingia kambi ya reli, na tulizoea kusikia nyundo ya fundi akitengeneza masanduku madogo. Kanisani watu waliketi mbali mbali, kila mmoja akijua nyumba ya jirani ilikuwa na kiti cha nani kati ya waliofukuzwa. Wazee walisema nchi imeugua, na dawa yake haiuzwi.

Baba, aliyekuwa shemasi, ndiye aliyeleta wazo. Tufunge siku moja, jimbo zima, na maombi yasafiri kama treni. Kamina tungeomba saa nzima, kisha tungeyakabidhi kwa simu kwa kituo cha kwanza. Wao wangeomba saa yao na kuyatuma mbele, kituo kwa kituo, hadi Bukama. Kutoka Bukama wavuvi wangeyabeba kwa mitumbwi hadi Kinkondja, kwa watu wa ziwa. Wazee walipiga makofi. Mchungaji alisema wazo hilo limetoka mbinguni. Kwa majuma mawili baba alipanga saa na makanisa. Aliwaandikia barua wachungaji wa kila kituo, akampa dereva wa treni ya mizigo azisambaze. Kituo kimoja tu hakikujibu, na baba alisema barua imepotea njiani.

Siku yenyewe uwanja wa stesheni ulijaa tangu saa moja asubuhi. Watu walipiga magoti juu ya kokoto. Walilia kwa sauti, wakamsihi Mungu aiponye nchi. Saa mbili kamili baba aliingia ofisini, mchungaji na wazee wakibaki mlangoni. Nilichukua nafasi yangu kwenye kipande cha pili. Baba alizungusha mkono wa simu.

"Allo. Kamina iko hapa. Tumemaliza saa yetu. Tunakutumia maombi. Unapokea?"

Sauti ya Papa Ilunga ilijibu: "Njo weye, Kasongo?"

"Njo minyi."

"Minyi nilikutumia bibi na mutoto. Ulisema umepokea. Ulibaweka wapi?"

Baba alitazama ukuta.

"Mutoto alikufa mu njia, Kasongo. Bibi aliniandikia. Siku nane kwako, hata kikombe ya mayi hapana."

"Ilunga," baba alisema polepole, "bantu banangoja. Mpaka Bukama banangoja."

"Siwezi pokea kitu toka kwako hivi. Lakini sikati simu. Minyi niko."

Nilisikia pumzi zake. Nilisikia waya ukiimba. Muda ukapita, mrefu kama ibada. Kisha baba akarudisha simu mahali pake, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Fil imekatika," aliwaambia wazee.

Watu waliguna. Mmoja akasema ni wezi wa shaba. Mchungaji akaanza kumkemea Shetani anayekata waya, na nakuambia, msomaji wangu, yale ndiyo yalikuwa maombi ya moto kuliko yote ya siku ile. Yalikuwa bado yakiendelea simu ilipolia. Kengele ile ya chuma ilijaza ofisi. Wote tuliitazama.

"Njo upepo," baba alisema. "Fil ikikatika, inajililia yenyewe."

Mchungaji aliniinamia. "Mutoto, weye ulikuwa unasikiliza. Ulisikia nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimtazama baba, alikuwa anatazama viatu vyake. "Hapana kitu, Papa Pasta," nilisema. "Ni upepo tu."

Simu ililia mara tatu zaidi, ikanyamaza. Vituo vya mbele vilingoja hadi jua likageuka, kisha kila mtu akaenda nyumbani. Tulipofungua saumu jioni baba alinipa kipande chake cha samaki. Nilikila kwa fahari. Niliamini nimemwokoa.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akilitumikia kanisa kwa uaminifu. Hakupanga tena maombi yoyote ya jimbo. Wengine walipoyapanga, aliketi karibu na mlango na kutoka kabla ya baraka. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Nilipoanza kujifunza Maandiko kwa dhati nilitambua kwamba siku ile, alipotazama viatu vyake, huenda alikuwa na haja ya mtu wa kusema ukweli ambao yeye alishindwa kuusema. Mtu huyo nilikuwa mimi, nami nikamfungia mlango.

Mwaka huu wazee wameniomba niongoze maombi ya siku tatu kwa ajili ya jimbo letu. Kabla ya kukubali nilikodi pikipiki hadi kituo kile. Hakina mtu tena. Mzee mmoja jirani aliniambia Papa Ilunga alifunga virago mwaka uleule, akamfuata mkewe, na hakuna aliyepata habari zake. Nilisimama kwenye jukwaa lililoota nyasi, nikasema kwa sauti: tuliwanyima maji, tusameheni. Kijana wa pikipiki aliniuliza, "Mama, unasema na nani?" Nilimwambia, na muntu nimemukawilia.

Namshukuru Mungu aliyeniachia miaka ya kutosha kuyasema haya kwa wote kabla hatujapiga magoti. Utotoni nilidhani Papa Ilunga alitukatalia maombi. Leo naamini kwamba, kati ya watu wote wa reli ile, yeye ndiye aliyekuwa akiomba: alisimama peke yake, simu sikioni, akimngoja ndugu yake.