Sarafu ya Kukunjia Pindo

Mke wangu ni fundi cherehani, na goti lake la kulia limemalizwa na kanyagio. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniambia nina hasira za bure. Anashona sare za shule na za wauguzi kwenye chumba chetu cha mbele, na jioni hainuki kitini mpaka ashike meza, naye hajafika hata hamsini.

Dawa yake ilikuwa mota. Ukifunga mota kwenye cherehani, mguu unagusa tu, kazi iliyobaki inafanywa na umeme. Tulijibana mpaka akiba ikatimia, tukawa tunangoja duka lifunguliwe Jumatatu. Jumapili akaja shemeji.

Huyu ni kitinda mimba wa kwao, na sote tunamwita Bwana Dili. Kila mwaka ana njia mpya ya kutajirika, na kila mwaka anaazima viatu vyangu. Safari hii macho yake yalitua kwenye sarafu ya fedha iliyokuwa juu ya meza ya kukatia. Mke wangu aliirithi kwa mama yake, ambaye naye alikuwa fundi. Akikunja pindo hupitisha ukingo wa sarafu hiyo juu ya mkunjo, kitambaa kikalala kabla hata ya pasi.

"Dada, unachezea shilingi chooni!" akasema. "Hii ni ya kale. Kuna dalali kaniambia, ukiipeleka kwa wapimaji wanaipa daraja, wanaifungia kwenye kiboksi cha plastiki, bei inapanda mara kumi."

"Na kupima ni bei gani?" nikauliza.

Akataja. Ilikuwa bei ya mota yetu, na ya fundi wa kuifunga.

"Yaani tutoe mota ili tuambiwe sarafu imezeeka? Shemeji, hilo hata mimi naliona, tena bure."

"Wewe kapake rangi kuta za watu. Haya mwachie dada."

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anasugua goti. "Baba watoto," akasema taratibu, "ikipata hiyo bei nitaweka mota na mtu wa kunisaidia. Nimechoka." Akiba ilikuwa ya jasho lake. Nikamhesabia Bwana Dili zile pesa, huku moyoni natokota.

Basi akaiandaa sarafu kama anavyoandaa kazi yoyote. Kwa mke wangu nguo haitoki bila kukatwa nyuzi na kupigwa pasi. Mteja hakabidhiwi kitu kichafu. Akaisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa, akaifunga kwenye kipande cha flaneli. Bwana Dili akaifungua, akacheka kwa furaha. "Hapa dada umewamaliza!"

Tukasubiri hadi tukachoka. Iliporudi, ndani ya plastiki palikuwa na kikaratasi: sarafu ni ya kweli, lakini imesuguliwa, haipewi daraja. Tukampelekea dalali hivyo hivyo, naye hakuigusa.

"Sarafu ya kale hailoshwi, jamani. Ule weusi wa uzee ndio watu wanaoununua. Mbona nilimwambia huyu bwana asiisafishe mtu?"

Bwana Dili akatazama viatu vyake. Vilikuwa vyangu.

"Nilisahau," akasema. "Kitu kidogo tu."

Kitu kidogo! Wapimaji sina ugomvi nao. Walilipwa wapime, wakapima. Lakini huyu! Alikuwa na sentensi moja tu ya kufikisha, na mdomo ule haujawahi kuchoka kwa lolote lingine. Njia nzima nilimtukana. Tulipofika nyumbani akasema bila haya, "Dada, tusikate tamaa. Kuna wapimaji wengine, hawana masharti makali. Tukitafuta pesa kidogo..."

Mke wangu sijawahi kumsikia akipaza sauti. Siku hiyo alichukua mkasi wa kukatia, akakipiga kile kiboksi kwa mpini mpaka kikapasuka, akachomoa sarafu.

"Mama alitulea wote kwa hii! Miaka yote ilitulisha, haikutudai hata siku moja. Umekuja wewe na kupima kwako, ndipo ikaanza kudai. Vua viatu vya mume wangu, utoke!"

Akavivua. Akatoka peku.

Mke wangu akaketi, akapitisha sarafu juu ya pindo la sare, akaweka mguu kwenye kanyagio. Akakunja uso. Kisha akasogeza kiti kidogo, akaanza kukanyaga kwa mguu wa kushoto.