Ufagio wa Wifi

Jumamosi hiyo Mwalimu aliamshwa na sauti ya ufagio, na kabla hajavaa kandambili alikwishajua ni wa nani. Tangu mumewe azikwe, wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa na mazoea ya kuja kila mwisho wa wiki kufagia. Si uani, si jikoni. Alifagia mbele ya geti tu, upande wa barabarani, amejifunga kibwebwe, akihema kwa kishindo na kumwambia kila mpita njia, "Nifanyeje, jamani? Nyumba ya kaka yangu hii. Nisipoiangalia mimi, nani ataiangalia?"

Mtaa mzima ulisikia, na mtaa mzima ukaanza kuamini kwamba mjane yule, pamoja na vyeti vyake vyote, hajui kushika ufagio.

Mwalimu alitoka na mkasi wa kukatia ua, kama mtu aliyekuwa na shughuli zake hapo nje. Kufika getini, akaona. Miche ya maua aliyoipanda mwenyewe kando ya geti, akaipigia magoti na kuifunika gunia isiunguzwe na jua, ilikuwa imerundikwa kwenye karai, mizizi juu.

"Nimekung'olea magugu, wifi," alisema yule, akijipangusa jasho. "Yalikuwa yanatia aibu."

Damu ikamchemka Mwalimu mpaka masikioni. Ng'ambo ya barabara, fundi cherehani alikuwa ameacha kukanyaga mashine yake, shingo ameinyoosha, anangoja. Lakini katika nyumba ile mambo hayakusemewa getini. Mwalimu alifunzwa hivyo na mama yake, akawafunza hivyo wanawe, wala hakuwa tayari kuivunja heshima hiyo ili fundi apate burudani. Akatabasamu hadi mashavu yakamuuma.

"Ahsante, wifi. Pita ndani basi. Kazi bado ipo."

Akafunga geti, akateremsha komeo, akamwongoza mpaka nyuma ya jiko, ambako mfereji wa maji ya vyombo ulikuwa umeziba tangu jana. Mafuta yameganda juu, harufu inakaba koo.

"Koleo lile pale," alisema, na tabasamu alishaliacha getini.

"Wifi! Na mgongo wangu huu?"

"Mgongo huohuo unaouinamisha barabarani asubuhi nzima? Au huku unauma kwa sababu hakuna wa kukuona?"

"Usinidharau. Hii ni nyumba ya kaka yangu!"

"Na alipolala kitandani alikuwa kaka wa nani? Nilimgeuza mimi. Nilifua mashuka yake hapa hapa uliposimama. Ufagio wako ulikuwa wapi?" Hakupaza sauti. Ilikuwa ile sauti ya ofisini, ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko fimbo. "Umenitangaza mchafu mtaa mzima. Leo umening'olea maua yangu, halafu nishukuru?"



"Naogopa utaiuza nyumba," akasema wifi. "Utahamia kwa wanao, na sisi tutabaki hatuna pa kusema ni kwetu."

"Ungeuliza! Mdomo unao, mtaa mzima unaujua. Siuzi. Na sifagiliwi. Shika koleo."

Akalishika. Mwalimu naye akaingiza mti upande wa pili, wakazibua, kila mmoja akimrushia mwenzake tope na kujifanya hakukusudia. Maji yaliondoka, hasira haikwenda nayo.

Walipofungua geti, fundi alikuwa bado ameinua shingo.

"Mwalimu, kwema huko? Mmekawia."

Wifi alikuwa na tope mpaka viwikoni. Angeweza kusema lolote.

"Kwema sana, fundi," akajibu. "Tulikuwa tunasaidiana kazi."

"Jumamosi ijayo tunafua mablanketi," Mwalimu akaongeza, kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Uje mapema, wifi yangu."

Wifi akamsogelea kama anayemkumbatia kumuaga. "Nitakuja," akamnong'oneza sikioni. "Lakini sijakusamehe."

"Hata mimi," alijibu Mwalimu, huku akimpungia fundi mkono.