Begonia Kabla ya Mtama

Mama mkwe wangu alikuwa na masikio ya ajabu. Mtu akikohoa mlangoni pake, hasikii. Ukimwita aje kula, hasikii. Lakini jembe likigusa udongo mahali popote katika boma lake, hata nyuma ya zizi, alikuwa ameshafika. Mimi nilitumia kijiko, nikijidai mjanja. Akafika vilevile.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, karibu na Ndhiwa, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa nimetoka kwa Wakuria, milimani upande wa Migori. Kijaluo changu kilikuwa cha kusalimia na kununua chumvi, na yeye Kikuria hakujua hata neno moja. Kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha shule ya misheni. Ubaya wa kugombana kwa lugha ya kuazima ni kwamba huwezi kwenda mbio. Unatafuta neno, mwenzako anakungojea, na ukilipata hasira imepoa, inabidi uanze upya. Hata hivyo tulijitahidi.

Kilichonifanya nishike kijiko ni jani la begonia. Mama yangu mzazi alikuwa na begonia kibarazani, ile aina ambayo uzuri wake ni majani: chini rangi ya damu ya mzee, juu madoa ya fedha, na upande mmoja umezidi mwingine kama shati lililokosewa vifungo. Alipewa na masista wa misheni aliokuwa akiwafulia nguo, na nadhani aliipenda kuliko baadhi yetu. Siku naondoka kwenda kuolewa alikata jani moja, akalifunga katika kitambaa chenye unyevu, akanielekeza. Geuza jani, chanja mishipa yake kwa wembe, lilaze juu ya mchanga kivulini, na maji kidogo. Kidogo. Kidogo. Alisema mara tatu akinitazama usoni, maana kwetu nilijulikana. Mimi ndiye niliyeua kabichi za shule, kitalu kizima, kwa kuzipenda kupita kiasi.

Kaka zangu walicheka, wakasema jani hilo halitafika hata Migori mjini. Mama hakucheka. Alisema, "Nitakuja kukuona baada ya mavuno. Nataka niikute." Nikaapa mbele ya wote. Nilitaka mara moja tu maishani mama aone kwamba nami nimeweza kitu.

Na jani likaota, haki ya Mungu likaota! Nililificha nyuma ya jiko langu, na kwenye michanjo ile vikachomoza vichipukizi vidogo kama meno ya mtoto. Mwezi wa pili nilikuwa na mche wa majani saba, mvua bado, mtama wa mbegu bado uko ghalani. Ndipo nikachukua kijiko ili niuhamishie ardhini, na ndipo nikaona kivuli cha mtu juu ya mikono yangu.

"Nyar Migori," akasema, yaani binti wa Migori, ndivyo alivyoniita. "Nani alikuambia ufungue shamba?"

"Mama, hili ni ua tu."

"Ua iko wapi? Mimi naona majani."

"Uzuri wake ni majani, Mama."

"Inaingia kwa udongo?"

"Inaingia."

"Basi ni mbegu. Na mbegu ya kwanza kwa hii boma natia mimi. Mimi, halafu wewe."

Kumbe kwao mama mwenye boma ndiye anayefungua upanzi kila mwaka, na mke wa mtoto akimtangulia huileta chira, balaa inayokula nyumba polepole mpaka mnabaki mifupa. Mimi sikujua, na ningejua ningedhani ni mambo ya nafaka. Nikamgeukia mume wangu anitetee, mwalimu mzima mwenye cheti ukutani. Akainama kukagua tairi la baiskeli, tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Mama," nikasema, "si wewe ni Msabato? Kanisani wanasema chira ni ushenzi."

"Kanisani hawalali kwa nyumba yangu," akajibu.

Hukumu ikatolewa hapo hapo. Nimpe jani moja alipande yeye kwanza. Lake likishika, nami nitie mche wangu ardhini. Nikampa, shingo upande. Halafu nikautia mche wangu kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia na kuutundika kwa kamba ya katani chini ya paa langu. Alipopita akasimama.

"Hii nayo?"

"Haijapandwa, Mama. Inaning'inia."

Aliuzunguka mkebe ule mara mbili, akauchungulia kwa chini kama anayemkagua ng'ombe wa mahari. Niliona mdomo wake ukitaka kucheka, akauzuia. "Sawa," akasema. "Lakini siku ikigusa chini, ni mimi na wewe."

Wiki mbili baadaye akaja. "Ile jani imeoza. Leta ingine."

Nikatoa la pili. Hilo, alisema, liliparuliwa na kuku. La tatu likaoza tena. Nilipojaribu kumweleza habari za maji kidogo, aliniangalia hivi, toka utosini mpaka kwenye vidole. "Mimi nimelima tangu watu hawajui njia ya kwenda Lambwe, na wewe unanifundisha kupanda?" Nikauma meno. Begonia yangu ilikuwa inanyonyolewa jani baada ya jani, na kila ikitoa jipya, yeye huyo mlangoni na mkono wazi.

Nikaamua kumkomoa. Alipokuja kuchukua la nne nilimkatia jani la chini kabisa, zee, limeliwa na konokono mpaka limekuwa na madirisha. Alilipokea, akalinyanyua kwenye jua, akanirudishia. "Hii mpe babu yako. Mimi nataka ile pale." Akanyoosha kidole kwenye jani zuri kuliko yote. Mtu ambaye hajui begonia! Jumamosi iliyofuata alipojifunga kitambaa cheupe kwenda kanisani, mimi nikasingizia tumbo, nikaenda kupekua nyuma ya nyumba yake. Sikuona mkebe, sikuona mchanga, sikuona hata jani lililooza. Nikasema, loo, huyu mama anayatupa kwa mbuzi.

Hapo nikatia nia kwamba mche wangu utanenepa utake usitake. Sokoni kulikuwa na mama mmoja aliyekuja na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, naye alinihakikishia kwamba maji yaliyoosha omena hunenepesha mboga kuliko samadi. Nikafikiri, kama yananenepesha kunde, begonia itakuwa mti. Nikawa nammwagilia mwali wangu asubuhi na jioni. Begonia ikalegea kidogo. Nikaona ina njaa, nikaongeza.

"Hiyo mkebe inanuka," mama mkwe akasema.

"Ni dawa, Mama."

Akakunja pua, akauchungulia mche toka shina mpaka majani, akasema, "Nipe jani ingine." Hilo lilikuwa la tano.

Siku moja, mavuno yakiwa yamekaribia kwisha, nilitoka kisimani nikakuta kamba imekatika, mkebe uko chini, na paka wawili wa boma wamo ndani ya udongo wangu wanatafuta omena ambayo haipo. Shina nono la begonia lilikuwa limevunjika vipande. Jani moja ndilo lililobaki zima. Nililia kama mtoto. Na wiki hiyo hiyo salamu zikaja kwa mdomo wa mfanyabiashara wa ng'ombe: mama yangu anakuja, si Jumapili hii, ile nyingine.

Nikiwa bado nimelishika jani lile la mwisho, mama mkwe akaja akatoa mkono. "Hiyo pia nipe."

Jamani. Siku hiyo Kiswahili kilinijia chote kwa wakati mmoja. Nilimwambia ni mchawi wa maua. Nilimwambia kila linaloingia mkononi mwake linakufa, kwamba mama yangu anakuja kunikuta mikono mitupu na ni yeye ndiye amenipokonya. Nilimwambia hata mambo ya mapua yake, ambayo hayakuhusika. Mume wangu alitoka na baiskeli yake akaenda zake. Mama mkwe alinisikiliza mpaka nikamaliza, akashusha mkono, akaondoka. Jani nikalipanda mwenyewe, nikalinywesha maji ya omena ili lipate nguvu. Siku ya nne lilikuwa uji.

Yeye akafunga safari kwenda Homa Bay kwa binti yake bila kuniaga. Akarudi Ijumaa kwa basi, na kapu kubwa lililofunikwa khanga. Nikajua ni samaki wa wageni. Hatukusemezana.

Jumapili mama yangu akafika, miguu imejaa vumbi, anatabasamu. Kwetu na kwa Wajaluo, jambo hili ni moja: mama wa mke haingii nyumba ya mkwewe. Kwa hiyo alikaribishwa nyumbani kwa mama mkwe, na mimi nilitangulia njiani nikiwa na moyo mzito kama jiwe la kusagia, nikipanga maneno ya kuungama. Nilipokunja kona ya nyumba nikasimama.

Kibarazani, juu ya ubao, kulikuwa na mikebe mitano. Na katika kila mkebe begonia, zimeshiba, zimetanuka, madoa ya fedha yanang'aa, moja hata imetoa maua ya waridi.

Mama yangu alipiga kigelegele. Alipita moja moja, akigeuza majani na kuangalia upande wake wa chini. Kisha akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Umeweza," akasema. "Mwanangu, umeweza." Nikafungua mdomo, lakini mama mkwe akawahi.

"Bibi wa mtoto wangu ana mkono," alisema bila kupepesa jicho. "Ni yeye anapanda. Mimi naangalia tu."

Nikamvuta jikoni eti tukachemshe chai.

"Mama, ulisema yameoza!"

"Ningesema yanaishi ungetaka nirudishe." Alikuwa akipuliza moto, hakuniangalia. "Nilikuona siku ya kwanza, unamwaga maji asubuhi, unamwaga jioni. Nikajua huyu mtoto ataua. Nikaanza kutoa moja moja, napeleka kwa binti yangu, yeye ako na kivuli kizuri. Hata ile ya mwisho ningeokoa, lakini wewe ukaanza habari ya pua yangu."

Nilitaka ardhi ipasuke. Niliomba msamaha, na maneno yakawa madogo, na yeye akanisukumia birika mkononi. "Chai itapoa," akasema.

Jioni, wakati wa kuagana, mama yangu alibaki nyuma kibarazani. Akanivuta karibu, akaungama. Begonia yake ilikuwa imekufa katika ukame wa Januari, yote, mpaka shina, na hakutaka kaka zangu wajue jinsi jambo hilo lilivyomuuma. "Nilikuwa naomba tu yako iwe hai," aliniambia kwa Kikuria, sauti chini. "Nikatie jani, mwanangu."

Machozi yakanilenga. Nikachukua kisu, nikainama juu ya mkebe wa kwanza, nikashika shina. Kabla sijakata, mkono mgumu ukakishika kisu kile kwa nguvu na kukitoa taratibu kati ya vidole vyangu.

"Wewe umechoka na kazi, nyathina," mama mkwe akasema, akiniita mwanangu kwa Kijaluo na kumtabasamia mama yangu. "Acha nikate mimi. Wewe shika kapu."

Nikashika kapu.