Mama Pampu anavyoifundisha kompyuta kusikia pampu inayougua

Jumatano, tarehe 16 Julai. Joto limeamka kabla ya watu na hewa imesimama kabisa. Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na moja amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, katika chumba cha pampu chini ya maktaba ya chuo kikuu. Anabandika maikrofoni ndogo kwenye bomba kwa utepe wa fundi umeme.

"Leo usiniaibishe," anaiambia pampu. "Nikiaibika mimi, tumeaibika wengi."

Chuoni wanamwita Mama Pampu. Kwa miaka kumi na tisa amezihudumia pampu sita zinazopandisha maji ghorofani. Wiki mbili hizi yeye ni mwanafunzi: yumo katika kozi fupi ya likizo ya kiangazi kuhusu teknolojia mpya za kompyuta, pamoja na vijana ishirini na watatu, wengi wao wadogo kuliko kifungua mimba wake.

Ni mara ya kwanza nafasi hiyo kupewa fundi wa mikono, na ina sharti. Lazima aonyeshe mradi unaofanya kazi kabla kozi haijafungwa Ijumaa. Akishindwa, nafasi inafutwa. Mlinzi wa geti na mpishi wa bweni, waliokwisha kujiandikisha kwa mwaka ujao, watabaki na fomu zao mkononi.

"Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango," anasimulia. "Nilisema nikishindwa nitoke bila kupita mbele za watu."

Hakutoka. Alipoelezwa kuwa kompyuta inaweza kujifunza kutokana na mifano, alinyoosha mkono na kuuliza kama inaweza kujifunza kusikiliza.

"Pampu huwa inaniambia mapema. Beringi zikianza kuchoka, inakohoa. Mimi nikistaafu, nani ataisikiliza?"

Alirekodi sauti mia moja na arobaini kwa simu yake, nusu za pampu nzima, nusu za pampu inayougua. Za pampu nzima zilikuwa kazi rahisi: aliiacha simu juu ya bomba akaenda zake. Kwa zile za ugonjwa, alifunga beringi mbovu kwenye pampu ya zamani ya karakana, akakaa nayo, bisibisi mkononi, akiilegeza na kuikaza. Jana, mezani, kompyuta ilipata majibu tisa kati ya kumi.

Saa tatu, darasa zima linashuka ngazi. Profesa anayeendesha kozi yuko mbele, daftari kifuani. Msimamizi wa matengenezo, bosi wa Mama Pampu, amesimama mlangoni akichezea shada la funguo, ule wa karakana ukiwemo.

Pampu inanguruma. Kompyuta imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwenye kioo linatokea neno la kijani: NZIMA. Vijana wanapiga makofi.

"Sogea karibu, mama, utueleze," anasema Profesa.

Anasogea. Jasho linamtoka. Anainama kuukaza utepe wa maikrofoni. Ghafla kioo kinageuka chekundu: MBOVU.

Hakuna aliyeigusa pampu. Neno linarudi kijani, kisha jekundu tena.

"Dada, hiyo mashine yako inapiga ramli," msimamizi anacheka. "Nilikwambia mimi. Pampu inataka spana, haitaki shule."

Binti anayesomea udaktari, anayekaa meza moja na Mama Pampu darasani, hacheki. "Mama, rudia ulichokuwa unafanya."

"Sijafanya kitu, mwanangu."

"Ulikuwa unaimba. Kwa chini chini."

Mama Pampu anashika mdomo.

Wanafungua zile sauti sabini za ugonjwa. Moja baada ya nyingine, nyuma ya kikohozi cha beringi, inasikika sauti ya mwanamke akiimba kwa chini wimbo wa kanisani. Katika zile za pampu nzima, hakuna. Kompyuta haikuwahi kuujua ugonjwa. Ilijifunza wimbo.

"Nikishika chombo kilichoharibika, au nikiingiwa na hofu kama leo, mdomo huanza wenyewe," anasema polepole. "Namwomba Mungu anionyeshe ulipo ubovu. Miaka yote hii sijawahi kujisikia."

Profesa anafunga daftari.

"Kosa hili linawapata hata wenye shahada tatu," anasema. "Lakini sharti ni sharti. Ijumaa saa nne."

Siku mbili, sauti sabini mpya. Na karakana ina ufunguo mmoja tu, ulio mkononi mwa msimamizi.

"Na zamu yako nani atafanya?" anauliza.

"Nitafanya mimi. Nitarekodi nikitoka zamu, bosi. Sikuombi mapumziko, naomba ufunguo."

Msimamizi anamtazama, anawatazama vijana, anautazama mkono wake mwenyewe. Anautoa ufunguo kwenye shada na kumpa.

"Sasa hutaimba, mama?" anauliza binti wa udaktari.

"Nitaomba kimoyomoyo. Mungu hahitaji maikrofoni."

Wanacheka, hata msimamizi. Mama Pampu hacheki. Anaufuta mkono kwenye ovaroli, anauinua, na kusema kwa sauti inayoushinda mngurumo wa pampu:

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote mlioona aibu yangu: Ijumaa saa nne, mashine hii itaijua pampu inayougua. Isipoijua, sitamtuma mtu. Nitakwenda mwenyewe kwa mlinzi na kwa mpishi, niwaambie aliyewafungia mlango ni mimi."