Honi ya Kulia

Juzi nilipeleka gari kwa fundi umeme hapa Chake Chake, nikawakuta mzee mmoja na mkewe wametangulia.

"Fundi, nikikata kulia honi inalia yenyewe," mzee alilalamika.

"Na kushoto?"

"Kushoto kimya."

Fundi akazungusha usukani. Honi ikalia, kuku wakatawanyika. "Waya mdogo tu huu, mzee wangu. Dakika kumi."

Hapo mkewe, aliyekuwa kiti cha nyuma, akateremsha kioo.

"Fundi, pale njia panda, nyumba yangu iko kushoto. Ya mke mwenzangu iko kulia. Wiki hii zamu ni yangu, na jana honi nimeisikia mara mbili."

Mzee akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Waya huo uwache kama ulivyo," bibi akasema. "Tutengenezee kiyoyozi."

Fundi alimtazama mzee, akamtazama bibi, kisha akaenda kushughulikia kiyoyozi.

Nasikia gari za kisasa hutoa taarifa mwenyewe yuko wapi kila saa. Ile ya mzee ni kuukuu, lakini huduma hiyo tayari inayo.